Nyumba za Ibada na Maradhi ya UKIMWI

Historia, msomaji mpenzi, si habari za wafalme na vita peke yake. Maradhi nayo yana historia, maana kila maradhi makubwa yanapoingia katika nchi huwapima watu wake: huonyesha ni nani mwenye huruma na ni nani mwenye maneno matupu. Katika insha hii nataka tutazame pamoja jinsi makanisa na misikiti ya Afrika Mashariki ilivyopimwa na maradhi ya UKIMWI, tangu miaka ya 1980 hata leo. Sikuichagua habari hii ili niwasifu watu wa dini, wala ili niwalaumu. Nimeichagua kwa sababu wewe umezaliwa wakati ambapo dawa zimekwisha patikana, na mtu asiyejua njia waliyopita wenzake huweza kurudi nyuma pasipo kujua.

Na tuanze mwanzoni. Mwezi wa Juni 1981 waganga wa Marekani waliandika habari za vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu ya namna ambayo haiwapati watu wenye afya. Mwaka uliofuata, wavuvi na wachuuzi wa Kasensero, kijiji kilichoko kando ya Ziwa Viktoria katika wilaya ya Rakai, Uganda, walianza kukonda, kuharisha na kufa. Mwaka 1983 maradhi yayo hayo yalionekana mkoani Kagera, Tanzania, na mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza akatambuliwa hapa Kenya.

Watu waliyapa maradhi haya majina kama walivyoweza. Waganda waliyaita "Slim", kwa kuwa yalimkondesha mtu akabaki mifupa. Watu wa Kagera waliyaita "Juliana", jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanya magendo. Huku Nyanza wengi walisema ni chira, yaani adhabu ya mtu aliyevunja miiko ya jadi. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba hakuna hata moja lililoeleza ugonjwa wenyewe. Moja lilieleza mwili wa mgonjwa, la pili biashara yake, la tatu makosa yake. Tangu siku za kwanza, basi, watu walikuwa wakimtazama mgonjwa badala ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe, kama tujuavyo sasa, huletwa na kirusi kidogo mno kisichoonekana ila kwa vyombo vya wataalamu. Hukaa katika damu, katika majimaji ya uzazi ya mume na ya mke, na katika maziwa ya mama. Hupita kwa njia ya ngono, kwa damu, kwa sindano au wembe uliotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto wake. Kikiisha ingia huziharibu chembe za damu zinazoulinda mwili, lakini huziharibu polepole, hata mtu akaweza kuishi miaka minane au kumi ya uzima machoni pa watu, ilhali hata yeye mwenyewe hajui aliyo nayo. Kumbuka sana jambo hili, maana ndilo lililowakosesha wengi katika hukumu zao.

Sauti ya kwanza iliyosikika katika nyumba nyingi za ibada ilikuwa sauti ya hukumu. Wahubiri wengi, Wakristo kwa Waislamu, walisema kwamba haya ni mapigo ya Mungu kwa wazinzi. Sharti tuwatendee haki: hawakuyasema hayo kwa ukatili siku zote. Waliona vijana wakizikwa kila juma. Walijua kwamba mara nyingi maradhi hupita kwa ngono. Na dini zao zilikuwa zimewaonya watu juu ya zinaa karne nyingi kabla ya kirusi hiki kujulikana. Onyo lao lilikuwa na maana. Ila walisahau mke aliyetulia nyumbani kwake, na mtoto mchanga, na mtu aliyetiwa damu hospitalini. Tena walisahau kwamba mtu akiogopa kuhukumiwa hujificha, na akijificha hapimwi, wala hatibiwi, wala hamwonyi mwenziwe. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hakuna afichaye maradhi pasipo kuwa na mtu anayemwogopa.

Niruhusu nikupe ushahidi mdogo wa maisha yangu. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, mwishoni mwa miaka ya 1990, jirani yetu alifariki. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa akifanya kazi mbali, akarudi mgonjwa, akafa mwaka mmoja kabla yake. Kijiji kizima kilimjua mama yule kuwa mtu wa nyumba yake. Penye kaburi mhubiri alisimama akasema kwamba mauti yale na yawe funzo kwa wenye tamaa. Mwana wa marehemu alikuwepo, naye alikuwa akikaa dawati moja nami. Juma lililofuata aliporudi shuleni, wenzetu walimhama mmoja mmoja. Nami nilihama. Hakuna mwalimu aliyetukataza. Mwisho wa muhula yeye hakuonekana tena, wala mpaka leo sijui alikokwenda. Nimekuwa mwalimu, na sasa nawafundisha walimu, lakini dawati lile lingali mbele ya macho yangu. Yale maneno ya makaburini hayakuishia makaburini. Yalitembea mpaka darasani.

Hata hivyo, msomaji, wakati ule ule sauti ya hukumu iliposikika, palikuwa na watu wengine wa dini waliofanya kazi pasipo kusema mengi. Mwaka 1987, huko Masaka, kusini mwa Uganda, watawa wa Kikatoliki wa hospitali ya Kitovu waliona kwamba vitanda vyao havitoshi. Nchi ilikuwa imetoka vitani, hospitali za serikali zilikuwa zimeharibika, na wagonjwa wa UKIMWI waliongezeka kila mwezi. Tena dawa ya kuwaponya haikuwako. Basi wakageuza mambo: badala ya mgonjwa kwenda hospitali, hospitali ikamwendea mgonjwa. Wauguzi walipanda gari wakapita vijijini wakiwa na dawa za maumivu, za kuharisha, na za vidonda vya mdomo. Katika kila kijiji walichagua watu wa kujitolea, aghalabu waumini wa papo hapo, wakawafundisha kumwosha mgonjwa, kumlisha, na kuwapelekea wauguzi habari zake. Kazi kama hiyo ilianzishwa pia katika hospitali ya Nsambya, mjini Kampala, chini ya Sista Miriam Duggan, tabibu wa uzazi kutoka Ireland. Na mbali kule Zambia, hospitali ya Jeshi la Wokovu ya Chikankata ilishika njia iyo hiyo mwaka 1987.

Labda utauliza, kazi hiyo ilifaa nini ikiwa wagonjwa walikufa vile vile? Ilifaa mambo mawili. La kwanza, mtu alikufa ameoshwa na kulishwa, mkono wa mwenziwe ukiwa juu yake. La pili, majirani waliona kwa macho yao kwamba muuguzi anamshika mgonjwa wala hadhuriki. Mafunzo mengi ya redio hayakuweza kuwaaminisha watu kama yale waliyoyaona mlangoni pa jirani yao.

Waislamu wa Uganda nao hawakukaa kimya. Mwaka 1988 matabibu Waislamu wa nchi hiyo walianzisha chama chao, na mwaka 1989 Mufti wa Uganda akatangaza jihadi juu ya UKIMWI. Neno jihadi hapa halikuwa na maana ya silaha, bali ya juhudi ya mwumini dhidi ya jambo baya. Mwaka 1992, katika wilaya ya Mpigi, chama hicho kilianza kuwafundisha maimamu habari za kirusi na njia zake. Kila imamu alisaidiwa na watu wa kujitolea, wanaume na wanawake, waliotembelea nyumba za waumini, maana kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kumwambia imamu, lakini atamwambia mwanamke mwenziwe.

Katika kazi ile palizuka maswali ambayo serikali isingaliyafikiri. Je, wavulana wakitahiriwa kwa wembe mmoja, haiwi hatari? Je, wale waoshao maiti wajilinde namna gani? Maimamu na matabibu waliyajibu pamoja: kila mvulana na wembe wake, na mwosha maiti avae mipira ya mikono. Swali gumu kupita yote lilikuwa juu ya mipira ya kondomu. Maimamu wengi waliikataa kabisa mwanzoni. Baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa kwamba kujizuia kabla ya ndoa na uaminifu ndani ya ndoa ndiyo mafunzo ya kwanza, lakini mume na mke ambao mmoja wao ana kirusi waelezwe jinsi ya kujikinga. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI liliichapisha habari ya kazi hii ili nchi nyingine zijifunze kwayo.

Mwaka 1992 lilitokea jambo jingine ambalo halikuwa limesikika katika Afrika. Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alikuwa amefiwa na mkewe mwaka 1991. Alipopimwa aliambiwa kwamba yeye mwenyewe ana kirusi. Angeweza kunyamaza, kama wengine walivyonyamaza. Badala yake aliwaambia wakubwa wake, kisha akawaambia watu hadharani. Huhesabiwa kuwa kiongozi wa kwanza wa dini katika Afrika kufanya hivyo. Wengi walitazamia kwamba ataondolewa madhabahuni, lakini hakuondolewa. Baadaye alioa tena, naye mkewe wa pili alikuwa mjane mwenye kirusi kama yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeye na wenziwe walianzisha umoja wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na kirusi au walioguswa nacho, Wakristo na Waislamu pamoja, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani. Fikiri uzito wa tendo lile: mhubiri aliyezoea kuwasemea wagonjwa sasa alisema, mimi ni mmoja wao. Hukumu haikuweza tena kusimama upande mmoja na mgonjwa upande wa pili.

Sasa turudi kwetu Kenya. Mwaka huo huo wa 1992, Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mpasuaji na tabibu wa maradhi ya akili, alifungua makao ya watoto mjini Nairobi akishirikiana na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Waliyaita Nyumbani. Watoto waliopokelewa walikuwa wametupwa au kuachwa yatima, na makao mengine hayakuwataka kwa sababu damu zao zilionyesha alama ya kirusi. Hapo lilionekana jambo la ajabu. Mtoto mchanga huzaliwa na kinga alizopewa na mama yake katika damu, na kwa hiyo kipimo cha siku zile kilimwonyesha kuwa mgonjwa hata akiwa mzima. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi kinga za mama huisha, na wengi wa watoto wale walionekana hawana kirusi kabisa. Walikuwa wametupwa bure!

Wale waliokuwa na kirusi kweli walikua, wakafikia umri wa kusoma. Mwezi wa Januari 2003 serikali ilitangaza elimu ya msingi pasipo malipo kwa watoto wote. Lakini watoto wa Nyumbani walipopelekwa katika shule za umma, walikataliwa. Makao yale yakaenda Mahakama Kuu, na Januari 2004 yakafikiwa mapatano kwamba watoto hao wapokewe shuleni kama wengine. Liweke moyoni jambo hili, msomaji, maana lakuhusu wewe. Dawati ambalo mimi nililihama nikiwa mtoto, watu wa dini walilipigania mbele ya sheria wakalipata. Mwaka 2006, mwaka aliofariki Padre D'Agostino, kilianzishwa pia kijiji cha Nyumbani huko Kitui, ambako yatima hulelewa pamoja na wazee waliofiwa na wana wao. Yaani waliopoteza wazazi na waliopoteza watoto walikusanywa wakawa jamaa moja.

Lakini historia ya kweli haichagui mazuri tu. Mwezi wa Agosti 1996, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, Kadinali Maurice Otunga aliongoza ibada ambayo ndani yake mipira ya kondomu na vitabu vya mafunzo ya kujikinga vilichomwa moto. Yeye na wenziwe waliamini kwamba vitu hivyo vitawafungulia vijana mlango wa uasherati. Waganga wengi walihuzunika, kwa maana waliona kwamba kijana asiyejizuia hana sasa la kumkinga. Ubishi huo ulidumu miaka mingi, nao haujaisha. Mimi sikuulizi uko upande gani. Nakuomba tu uone kwamba wakati wakubwa walipokuwa wakibishana, vijana wa rika lako walikosa mafunzo ya wazi, na makaburi yaliendelea kuchimbwa. Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Kwa wakati ule mamia ya Wakenya walikuwa wakifa kila siku.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2001, wajumbe wa makanisa ya Afrika walikutana Nairobi kwa mwito wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Katika mpango walioutoa walikiri kwamba makanisa yenyewe, kwa kunyamaza na kwa maneno ya kuwatenga watu, yalikuwa yamesaidia maradhi kuenea. Si jambo jepesi kwa wale waliozoea kuwaungamisha wengine kusimama wakaungama wenyewe.

Ungamo lile lilikuja wakati mwema, kwa kuwa milango ya dawa ilikuwa ikifunguka. Tangu mwaka 1996 ilijulikana kwamba dawa kadha zikimezwa pamoja humzuia kirusi asizaane, lakini bei yake ilikuwa dola 10,000 au zaidi kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni mkulima gani, au mwalimu gani, awezaye kulipa fedha hizo? Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Tangu 2003 fedha za misaada kutoka nje ziliongezeka sana. Hapo hospitali za misheni, zilizokuwako vijijini tangu zamani, zikawa njia ya kuzifikisha dawa mahali ambapo barabara ya lami haifiki. Ghala la dawa ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya walilianzisha pamoja mwaka 1986, kwa ajili ya dawa za kawaida, likapokea kazi hiyo mpya.

Hata hapo jaribu la mwisho lilikuwa bado. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alisema kwamba ameonyeshwa na Mungu mti ambao maji yake huponya maradhi sugu, UKIMWI ukiwamo. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipangana kilomita nyingi, mengine kutoka Kenya, na wako wagonjwa waliofia katika foleni. Wengine walikunywa, wakarudi makwao, wakaacha dawa zao. Maradhi hayakuacha kazi yake. Sina haja ya kumhukumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Lakini habari yake yatufundisha kwamba neno la mtu wa dini lina nguvu ya kumfanya mtu aanze dawa, na nguvu ile ile yaweza kumfanya aiache.

Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo funzo la historia hii yote. Nyumba za ibada zilikuwa na vitu vitatu ambavyo serikali haikuwa navyo: zilikuwa na watu katika kila kijiji, watu hao hukutana kila juma, na neno linalosemwa mbele yao huaminiwa. Kitovu na Mpigi vilifaulu kwa vitu hivyo. Makaburi ya kijiji chetu na foleni ya Loliondo vilidhuru kwa vitu hivyo hivyo. Jembe ni moja. Lililima shamba, na lilikata miche.

Leo mambo ni afadhali. Mwaka 2003 watu wazima karibu 7 katika kila 100 wa Kenya walikuwa na kirusi. Mwaka 2018 walikuwa karibu 5. Mtu anayemeza dawa zake sawasawa huishi maisha marefu, na kirusi kikishuka katika damu yake hata kipimo kisikione, hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Lakini tusilale. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mingi iliyokuwa ikilipia dawa na wauguzi, na vituo vingi, vya dini na visivyo vya dini, vikatikisika. Huenda siku zikaja ambapo majirani watahitajiwa tena kama walivyohitajiwa mwaka 1987.

Msomaji mpenzi, katika shule yako huenda yuko mwanafunzi anayemeza dawa kila siku kwa saa yake, akijificha bwenini ili asionekane. Hana haja ya huruma yako wala ya maswali yako. Lakini iwapo siku moja siri yake itafunuliwa, na wenzako wakaanza kuhama dawati lake mmoja mmoja, wewe kaa.